Hii Baridi ni ya Gari ama ni ya Eldoret?

Chekeni kwanza, mmalize. Ndiyo, maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza nikifunga AC kwa magari, tena hapa hapa Eldoret, mji ambao mwezi wa saba kuku wa Kiplombe hutaga mayai yaliyokwisha kuganda, na mtu akipiga chafya asubuhi inaanguka chini kama kokoto. Nilipofungua kibanda changu pale Huruma, mama mmoja aliyekuwa akiuza supu ng'ambo ya barabara alikuja kusoma kibao changu, akakisoma tena, kisha akaniita kando kama mtu anayetaka kuniombea.

"Fundi, wewe unauza baridi? Hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Si basi ungeuza matope. Hata hayo tuko nayo."

Akaniletea kikombe cha supu bila kuombwa, maana aliona wazi kwamba mtu huyu atakufa njaa.

Sikufa njaa. Nilichoka tu. Magoti yangu leo yanalia kuliko bawaba za geti, sikio la kushoto lilibaki kwa grinda, na ncha za vidole hazijui tena moto na baridi, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni kama mpishi kupoteza ulimi. Nyinyi vijana mliobaki kwa yadi mmenisumbua: Mzee, andika, Mzee, andika kabla hujasahau. Haya, naandika. Lakini sitaanzia mwanzo, kwa sababu mwanzo wenyewe siukumbuki sawasawa, na mwisho bado uko mgongoni unaniuma.

Jambo la kwanza mjue kwa nini mji wa baridi unahitaji fundi wa baridi. Shika barabara yoyote inayotoka Eldoret, uendelee nayo, mwishowe itateremka. Pitia Iten ushuke Kerio, ama pitia Kitale ukamate ya Lodwar. Hapa juu umevaa sweta mbili na koti. Kule chini hata shati ni mzigo. Madereva wote wanaoteremka walipitia kwangu, na wote walinipa shida ile ile: gari linatengenezwa mahali pa baridi ili likafanye kazi mahali pa joto. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea ukimwelezea kwa simu.

Aliyenionyesha kazi ni Mzee Kamande, marehemu sasa. Alikuja Eldoret kutoka upande wa Murang'a kutengeneza friji za buchari na matangi ya kupoza maziwa, akaoa huku, akalima huku, akabaki. Mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza ndama. Siku ya kwanza aliniuliza, "AC inafanya nini?"

Nikajibu kwa haraka, "Inaleta baridi, Mzee."

"Inaitoa wapi?"

Nikachungulia nyuma ya friji iliyokuwa hapo.

"Hakuna kitu kinaitwa baridi, kijana. Kuna joto, na kuna mahali pa kulitupa. Ukikosa mahali pa kulitupa, umefanya kazi ya bure."

Baadaye niliingia masomo ya jioni, nikapata cheti, kile mnachokiona kimetundikwa ukutani kwangu kwa misumari minne kana kwamba kinataka kutoroka. Mwalimu alichora mishale ya joto ubaoni, ubao ukaisha, akaendelea ukutani, nasikia akafika mpaka kwa choo. Yote yalikuwa maneno ya Mzee Kamande, ila sasa yalikuwa na majina marefu. Sijutii. Majina marefu husaidia wakati wa kununua vipuri.

Huyo huyo Kamande alikuwa na hadithi aliyoirudia mpaka tukaijua kama wimbo wa kanisa. Alijazia pikapu ya mtu gesi ya AC asubuhi ya mwezi wa saba. Kwenye baridi ile, sindano ya geji, kile kipimo cha presha, ilikataa kupanda, naye akaendelea kuongeza gesi, akaongeza tena, mpaka sindano ikasimama pale anapopapenda. Dereva akaondoka akitetemeka kwa furaha. Alipofika Lodwar akapiga simu: "Mzee Kamande, wewe umenifungia hita!" Kule joto lilikuta gesi imejaa kupita kiasi, presha ikapanda, mtambo ukajizima. Kwa hivyo shikeni hili hata kama mtasahau mengine: geji ya Eldoret inasoma hali ya hewa ya Eldoret. Haijui unakokwenda.

Sasa nije kwa landrova, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Iliingia kwa yadi adhuhuri moja, na kabla haijaingia tulikuwa tumeisikia kutoka Chepkoilel. Ilikuwa landrova ya kale, ya mabati yaliyonyooka na paa la rangi ya maziwa, lakini mwenyewe alikuwa ameibadilisha kila kitu isipokuwa kelele. Injini ya petroli ilikuwa imetolewa, ikawekwa ya dizeli kutoka kwa pikapu ya Kijapani. Magurudumu yalikuwa mapana kiasi kwamba mtu angeweza kulala kivulini mwake na jamaa zake. Na mbele, kwenye bampa, winchi, ile mashine ya kuvuta magari yaliyokwama. Si winchi ya mapambo. Winchi nene kama kifua cha fahali, na waya wake umezungushwa vizuri kama nywele za bibi harusi.

Akashuka Mzee Kibor, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, mrefu, koti zito mpaka magotini. Koti hilo ni nadra kumwona bila nalo. Nadhani alizaliwa nalo.

"Fundi, nataka AC."

Nikaangalia landrova. Nikamwangalia yeye na koti lake. "Mzee, ya nini?"

"Muulize huyo."

Mlango wa pili ukagoma kidogo kabla ya kufunguka, akashuka mke wake, Mama Jebet. Mama mnene kiasi, wa maneno machache, ambaye nilikuja kujua kwamba ndiye hasa mwenye shamba. Mzee alikuwa mwenye koti. Mama alikunja mkono wa sweta, akanionyesha mkono. Ngozi ilikuwa laini na yenye kung'aa, kama karatasi iliyowahi kulowa ikakauka, kutoka kiganjani kwenda juu mpaka ndani ya nguo.

"Stovu ya mafuta ya taa ililipuka," akasema. "Zamani. Mikono, mgongo, kifua. Hospitali walinitengeneza vizuri, wakabandika ngozi, nashukuru. Lakini ngozi hii haitoi jasho, fundi. Joto likiingia kwangu halina mlango wa kutokea."

Nami nikasikia sauti ya Mzee Kamande kabisa, kana kwamba amekaa kwenye pipa la oili hapo kando.

Kwao Mama Jebet ni chini Kerio, kule ambako mawe hupumua moto. Mama yake bado alikuwa hai, mzee sana, Kogo, yaani nyanya, kama wote walivyomwita. Hapa juu Mama Jebet anaishi kama mtu yeyote. Akiteremka, mwili unapanda moto na kichwa kinazunguka. Mara ya mwisho alipokwenda alizimia nyumbani kwa mama yake, wakamrudisha juu amelala, na daktari akamwambia asirudie.

"Basi Kogo si apande huku?" nikauliza.

"Alipanda mara moja," akasema Mzee Kibor. "Baridi ikaingia kifuani, karibu tumzike. Amekataa. Anasema Eldoret ni friji ya kuweka watu."

"Yeye hawezi baridi, mimi siwezi joto," Mama Jebet akasema. "Tunaongea kwa simu. Lakini sasa macho yake yanaisha, fundi. Anasema sura yangu imeanza kumpotea, anataka anishike uso kabla haijapotea yote."

Akashusha mkono wa sweta. Landrova ikazima yenyewe, ingawa nadhani ilikuwa ni mafuta.

Nikawauliza kwa nini wasikodi gari la mjini lenye AC yake. Mzee akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kujaribu. Kwa Kogo, ukiacha lami, unavuka mto mkavu wa mawe makubwa kama ng'ombe waliolala. Magari ya mjini hufika katikati ya mto yakalala nao. Na nyumba ya Kogo ni ya mabati, mchana ni tanuri. Kwa hivyo mpango ulikuwa huu: landrova ivuke, isimame kwa boma, Mama Jebet asishuke kabisa. Kogo ndiye aletwe kwa gari.

Sikilizeni hapo, vijana, kwa sababu kazi yote ilikuwa ndani ya neno hilo moja: isimame. AC ya gari linalotembea ni kazi ya mtu yeyote, upepo wa barabara unakusaidia. AC ya gari lililosimama juani, injini ikinguruma taratibu, hiyo ndiyo hutenganisha fundi na mtu mwenye spana.

Landrova ya zamani ina mashimo kuliko chandarua. Milango yake hufungwa kwa heshima tu. Kwa hivyo usianze na mtambo. Anza kwa kuziba. Nilikaa ndani siku nzima, milango imefungwa, mtu nje akimulika tochi kila kiungo, nami popote nilipoona mwanga nikaweka alama ya chaki. Nilipotoka, gari lilikuwa na madoadoa kama kanga. Tukaweka raba kila mlango, tukaziba sakafu palipopita giya, tukapiga pazia zito la turubai nyuma ya viti vya mbele, maana hakuna sababu ya kupoza mahali ambapo hakuna mtu. Chini ya paa tukaweka sponji.

Kisha braketi, chuma cha kushikilia kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi. Injini ilikuwa ngeni kwa lile gari, hakuna braketi ya kununua, lazima ujichongee. Nilichonga ya kwanza, belti ikaruka. Nikachonga ya pili, ikapiga kelele kama nguruwe anayevushwa daraja. Ya tatu nikaifunga kamba kutoka puli hadi puli nikatazama kwa jicho moja, kama seremala, na nilipoona kamba imenyooka ndipo nikachomelea. Mnaweza kutumia kile kitaa chenu chekundu cha kunyooshea mstari. Kamba haihitaji betri.

Box la kutolea baridi nililitoa kwa basi dogo lililokuwa limekufa, nikalifunga chini ya dashibodi. Kondensa, ile inayotupa joto, nikaiweka mbele ya rejeta, na mbele yake feni ya umeme. Hapo pana mtego. Feni ikifungwa waya kinyume itazunguka vizuri, itapiga kelele nzuri, na itasukuma upepo upande usiofaa. Shika karatasi mbele yake. Karatasi ikivutwa, uko sawa. Ikikurukia usoni, geuza waya na usimwambie mtu.

Nikafyonza hewa, nikajaza gesi, nikiikumbuka pikapu ya Lodwar, nikajizuia. Angalau nilidhani nimejizuia. Siku ya kuonyesha kazi, Mzee Kibor alikuja na majirani kana kwamba ni arusi. Nikawasha. Upepo ukatoka. Mzee akaweka kiganja kwenye tundu, akapiga kelele ya furaha, akamwita jirani, jirani akaweka kiganja, akamwita mwingine. Mama wa supu akaja naye, akaweka kiganja, akasema, "Wuui! Hii inaweza kuhifadhi nyama!" Wakapiga makofi. Kusema kweli nilikuwa nimechoka sana, na makofi ni matamu kwa mtu aliyechoka.

Mama Jebet aliingia wa mwisho. Akakaa, mikono magotini. Akakaa sana. Kisha akanyoosha mkono, akazima AC. Akafungua dirisha. Akatoa mkono nje kwenye manyunyu ya Eldoret, akaurudisha ndani, akautoa tena.

"Fundi."

"Naam, Mama."

"Hii baridi ni ya gari ama ni ya Eldoret?"

Makofi yakaisha. Jirani mmoja akaanza kutafuta kofia yake.

Nikamwambia ukweli: hapa mjini hakuna AC mbaya, kila gari likipuliza linapuliza baridi. Nikamwambia kawaida yetu ni kujaribia kwa safari yenyewe, tukiwa tunateremka.

"Nani atakuwa anajaribiwa?" akauliza. "Si mimi? Mara ile niliamka nikiwa nimebebwa na blanketi kama gunia. Sitaki Kogo asikie tena watu wakinililia na yeye haoni."

Mzee Kibor akasema, "Sasa, Mama, joto la Kerio utalitoa wapi hapa Eldoret?"

Akamtazama vile wake hutazama waume walioketi juu ya kitu wanachokitafuta. "Si kuna draya?"

Msiojua shamba niwaambie. Huku mahindi hayakauki kwa jua, kwa sababu jua lenyewe huja kwa ratiba yake. Wakulima wana mashine ya kukausha, jiko kubwa lenye feni linalopuliza hewa ya moto kwenye mahindi. Mama Jebet ndiye aliyekuwa akiisimamia pale kwao, akiwa mbali kidogo na moto, akitoa amri. Aliijua kama mtoto wake.

Tukaipeleka landrova shambani, tukaifungia katika ghala la mabati, pua ikitazama mdomo wa draya, milango ya ghala imeachwa wazi kiasi cha moshi kutoka. Mama Jebet akakaa nje kwenye ubaridi, chini ya mwavuli, akiamuru makaa. Mzee Kibor akajitolea kukaa ndani ya gari. Na koti.

"Vua koti, Mzee," nikamwambia.

"AC si iko?"

Draya ikapulizwa. Joto lilikuja, vijana, joto ambalo sijapata kuliona tena. Ndege aliyepita juu ya paa nadhani alifika upande wa pili akiwa amechomwa vizuri. Injini inanguruma taratibu, gari limesimama. Kwa muda Mzee alikuwa akinipungia mkono kama mbunge. Kisha nikasikia, kwa sikio lililobaki: tak. Klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na injini, imeachia. Tak, ikashika. Tak, ikaachia. Ikanyamaza. Swichi ya presha imesema basi.

Mzee akaacha kupunga. Akavua kofia. Akafungua vifungo. Koti likatoka, mara ya kwanza kwa macho yangu, na chini yake palikuwa na koti jingine, nalo likatoka. Akafungua mlango akiwa amelowa kama aliyebatizwa.

"Fundi! Hii si AC! Umeniweka kwa chungu!"

Kutoka kwa mwavuli sauti ya Mama Jebet: "Huyo angekuwa mimi."

Nikakimbilia draya, nikaizima.

Sikuhitaji geji kujua sababu, ingawa nilizifunga na sindano ilikuwa imepanda kama inatafuta mlango. Gesi ilikuwa imezidi kidogo; Eldoret ilikuwa imenidanganya mimi pia. Hiyo ni rahisi, unaipunguza kwa kuirudisha kwenye mtungi, huimwagi hewani kama mlevi. Tatizo lenyewe lilikuwa mbele kabisa ya gari. Nikashika karatasi yangu mbele ya kondensa, pale nyuma ya winchi. Haikuvutwa wala haikusukumwa. Ilining'inia tu. Winchi ile nene ilikuwa imekaa mbele ya feni kama mtu mnene aliyesimama mlangoni mwa duka. Joto halikuwa na mahali pa kutupwa.

"Mzee," nikasema, "winchi itoke."

Mzee Kibor akaiwekea winchi mkono kwanza. Halafu akaanza. Winchi hiyo ilivuta lori la mahindi kutoka matopeni. Ilivuta trekta ya kanisa. Ilivuta gari la harusi ya chifu na bibi harusi akiwa ndani. Akataka niisogeze kando. Niishushe. Nitoboe bampa. Nikamwambia nimepima, haina pa kusogea: kando kuna taa, chini itagonga mawe ya mto ule ule.

"Fundi, sikiliza. Landrova bila winchi ni ng'ombe bila pembe!"

Mama Jebet alikuwa ameinuka kutoka kwa mwavuli, amekuja mpaka mlango wa ghala, mahali joto lilipoanza. Hakuvuka hapo.

"Kibor," akasema. Hakumwita Mzee. "Ng'ombe wako wote si ulikata pembe?"

Pale nyuma ya ghala, kwenye uzio, zile frisia zake zilikuwa zimejipanga zikitutazama, vichwa laini kama mayai, hata moja haina pembe. Alikuwa amezikata mwenyewe zikiwa ndama, kama kila mkulima wa hapa, na alikuwa akisifu kwa watu vile maziwa yameongezeka na vile hazijeruhiani.

Mzee akazitazama. Zikamtazama. Moja ikacheua.

Akanyoosha mkono kwangu. "Lete spana."

Aliifungua winchi mwenyewe, bolti baada ya bolti, hakutaka niiguse. Akaibeba kifuani mpaka stoo, akaifunika na gunia. Alipotoka alikaa kidogo mlangoni mwa stoo. Nilijifanya natafuta kitu kwenye boksi la vyombo.

Nikaongeza feni ya pili pale winchi ilipokuwa. Nikapunguza gesi. Karatasi sasa ilivutwa mpaka ikanata. Tukawasha draya tena, na Mzee akaingia tena, safari hii na shati tu. Tukangoja. Makaa yakaongezwa. Mama Jebet akasema, zidisha, zidisha, kwetu ni moto kuliko hapo. Klachi ikashika, ikaendelea kushika. Mimi nje nilikuwa nachemka. Jasho lilinitoka mpaka kwa kucha. Ndipo dirisha likashuka kidogo, kiasi cha vidole kupita, na mkono wa Mzee ukatoka.

"Nipeni koti langu."

Tulishuka Kerio na jua limepanda. Nilikwenda nao, nimekaa nyuma ya pazia la turubai, mahali pa moto, kwa sababu fundi asiyepanda gari alilotengeneza hajalitengeneza. Kila kona baada ya Iten hewa inaongezeka uzito. Kwenye ule mto wa mawe nilipaa, nikagonga paa, nikashuka, nikapaa tena. Nusu ya maumivu yangu ya mgongo leo yana anwani ya pale. Tukaingia bomani. Mzee akaegesha, akaacha injini inanguruma. Nikashuka, nikasimama karibu na boneti, sikio zima likiwa upande wa kompresa.

Wajukuu walimleta Kogo wamemshika huku na huku. Watoto wako kifua wazi, mbuzi wamelala kivulini wakihema, mawe yanawaka. Na Kogo amevaa sweta, juu yake sweta, juu yake blanketi, kichwani kofia ya sufu imefunika masikio. Walikuwa wamemwambia kwamba gari limekuja na baridi ya Eldoret ndani. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

Wakamwinua wakamwingiza, mlango ukafungwa haraka. Kwa dirisha nikaona mikono yake miwili ikinyooka, ikikosa, kisha ikapata uso wa Mama Jebet. Nikageuka kutazama kompresa. Ilikuwa kazi yangu, kutazama kompresa.

Walikaa mle mchana wote. Mzee Kibor alikuwa amelala kwenye kivuli cha gurudumu, koti amejitandikia. Mimi sikuketi. Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote kabla yake, miguu inaniambia keti, na kila nilipotaka kuketi nilifikiria: ikiachia je? Niliisikiliza ile klachi kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

Kuna wakati mlio ulibadilika, feni ya ndani ikashuka, nikaruka mpaka dirishani. Hakukuwa na kitu kimeharibika. Kogo alikuwa ameipapasa dashibodi mpaka akaipata ile swichi ya kuzungusha, akaipunguza. Mama Jebet akaipandisha. Kogo akaupiga ule mkono wa ngozi laini kofi dogo, akaipunguza tena. Sikusikia maneno, ila midomo yote miwili ilikuwa inakwenda kwa pamoja, hakuna aliyekuwa akimngoja mwenzake amalize, wanagombana kama watu waliolala nyumba moja jana na watakaolala nyumba moja leo.

Mzee Kibor alifungua jicho moja. "Fundi, kuna shida?"

"Hakuna, Mzee," nikamwambia. "Wanapimana tu."

Ndipo nikaketi.